Msamilo Ulioandikwa Kigoda

Siku ya kwanza kazini nilichelewa dakika kumi na moja. Nilishuka kituo kisicho changu, nikatembea kando ya barabara kuu isiyo na njia ya waendao kwa miguu, soksi zimelowa umande. Ghala la makumbusho lilikuwa nje ya jiji la Washington, upande wa Maryland. Lilikuwa jengo refu lisilo na madirisha, ambalo mpita njia angedhani ni kiwanda cha biskuti. Msajili alinisubiri mlangoni. Alikuwa mama wa Kimarekani, mweusi, mrefu, aliyejifunza Kiswahili chuoni katika ujana wake, na alipenda kukitumia asubuhi kabla kazi haijamchosha.

"Bwana Mapunda," aliniambia, "hapa hakuna haraka. Anayekimbia huvunja."

Nami nilikuwa mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Huko Songea nilifundisha shule ya msingi, na watoto walisema Mwalimu Mapunda hufuta ubao kabla hajamaliza kuandika. Nilikuja Marekani nikimfuata mke wangu, muuguzi katika nyumba ya wazee kule Rockville. Miaka miwili nilikuwa mlinzi wa ofisi Arlington, nikisimama mahali pamoja mpaka miguu ikaniwasha. Kwa hiyo niliposikia kuna kazi ya kuhamisha vitu ghalani, nilidhani nimepata kazi ya kutembea.

Msajili aliniwekea chungu kidogo mezani, akaniambia nikihamishie meza ya pili. Nikakishika kipini.

"Umeshakivunja," alisema, ingawa chungu kilikuwa kizima mkononi mwangu. "Kipini kiliungwa, na kilichoungwa ndicho huachia kwanza. Shika chini, mikono miwili. Na kabla hujainua, uwe umeshajua utakiweka wapi."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mna mashine za kusoma alama na picha zinazozunguka kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na kadi. Kila kitu kilikuwa na nambari ya usajili, iliyoandikwa kwa wino mdogo kama kichwa cha sisimizi, tena mahali ambapo mtazamaji hataiona. Kila kitu kilikuwa na karatasi ya hali, ambamo tuliandika nyufa, madoa na matundu. Mbao hazikuingia ghalani moja kwa moja. Tulizifunga kwa plastiki tukaziweka kwenye jokofu majuma kadhaa, ili bungua na mayai yao wafe kwa baridi bila dawa ya kuharibu rangi. Na kitu hakikutoka kwenye rafu yake bila fomu ya kuhamisha yenye saini mbili. Fomu hiyo ndiyo itakayoniponza mbele, basi ishikeni.

Mwaka wa pili nilipelekwa safu ya vitu vya kusini mwa Afrika. Hapo ndipo nilipoukuta. Ulikuwa mti mweusi, wa kimo kisichotimia shubiri moja, una kitako, shingo iliyochorwa miviringo, na juu ubao uliopinda kama tandiko. Kadi yake ilisema: "Kigoda. Mbao. Mashona. Kimeokotwa pangoni, Dombodzvuku."

Hakikuwa kigoda. Mtoto wa miaka mitatu asingeweza kukikalia. Ulikuwa msamilo, mto wa mti wa kulalia kichwa. Marehemu bibi yangu alikuwa nao mmoja uliochakaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Nilikwenda kwa Mhifadhi Mkuu, ambaye ndiye aliyeamua kila kitu kiitwe nini. Alikuwa mzee mwembamba wa kizungu, mtaratibu, mwenye penseli sikioni.

"Ushahidi wako ni upi?" aliniuliza.

"Bibi yangu alilalia kama huu."

"Bibi yako si chapisho, Mapunda."

Hakusema kwa dharau. Alikuwa mtu wa karatasi, nami nimewahi kuwafokea wanafunzi kwa kosa hilohilo la kusema wasichoweza kuonyesha. Ilichukua miaka minne neno "kigoda" kufutwa, na ni baada ya profesa mmoja kuandika lile nililosema. Lakini maneno "kimeokotwa pangoni" yalibaki, na hayo sikuyajali. Nilidhani pango ni pango.

Nilipanda kidogo kidogo. Kutoka rafuni nikaenda maabara kusafisha kwa brashi za manyoya, kisha nikapewa dawati la kupokea wageni wa utafiti. Hao walikuwa watu wa chuo, wanaokuja na kamera na kuondoka na shukrani. Wajukuu na vitukuu wa wenye vitu hawakuja. Hawakujua kama tupo, na sheria ya Mkurugenzi wa Makusanyo ilikuwa wazi: mfanyakazi hamtafuti mtu wa nje kumweleza tulicho nacho. Maombi hutoka kwao kuja kwetu, kwa barua.

Sasa niwaeleze nilivyoivunja.

Mke wangu alifanya kazi na mama mmoja wa Zimbabwe, Mama Rudo, au Mai Rudo kama wasemavyo kwao. Aliishi mji wa Columbia, hukohuko Maryland, na baba yake, aliyeletwa Marekani kwa ajili ya moyo uliokuwa unachoka. Jumamosi moja wenzao walifiwa nyumbani, na Mama Rudo akatualika kwenye nyaradzo, ibada ya kufariji ambayo Washona huifanya siku kadhaa baada ya maziko. Ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Niliketi nyuma nikiwa sina utulivu, kama kawaida yangu, lakini baada ya muda nikajikuta nimetulia.

Waliimba nyimbo za kanisa, ila chini ya nyimbo kulikuwa na kayamba za kibuyu zilizovuta mguu ardhini. Mtu alipotaka kusema, alianza kwa kupiga makofi. Wanaume walikutanisha viganja vimenyooka. Wanawake waliviinamisha na kuvikunja kidogo, sauti ikatoka nzito. Walisalimiana kwa majina ya koo, wewe Simba, wewe Moyo, wewe Nyani, na kila jina lilikuwa na sifa zake ndefu. Kazi zote za kutumwa, kubeba viti, kugawa chakula, hata kumtania mfiwa mpaka akacheka, zilifanywa na mtu waliyemwita muzukuru. Mama Rudo alinieleza kwamba huyo ni mtoto wa binti wa ukoo. Hayumo ndani ya ukoo wala hayuko nje, na ndiyo maana hutumwa mambo ambayo watoto wa nyumba hawathubutu kuyagusa.

Kisha baba yake akasimama. Walimwita Sekuru, yaani babu. Aliongea kwa lugha yake, na katikati ya maneno nikasikia "Dombodzvuku", jina lile la kwenye kadi.

Nikakitua kikombe. Ibada ilipokwisha nilimfuata. Nilianza kwa Kiingereza, naye akanijibu kwa Kiswahili cha kijeshi. Ujana wake wa vita vya ukombozi aliupitishia kambini, mkoani Iringa.

"Wewe wa wapi, ndugu?"

"Songea, mzee. Mngoni."

"Ah. Ninyi ndio mlipita kwetu mkatuachia majivu."

"Bibi yangu alisema sisi si Wangoni wa damu. Sisi ni Wakalanga, tuliotekwa njiani."

"Kalanga, Karanga. Basi mlitoka kwetu, mkarudi na pasipoti ya Tanzania." Akacheka mpaka akakohoa. "Mlitekwa upande wa mama, bila shaka. Nitakuita muzukuru."

Kama angeniita jina jingine, labda ningenyamaza. Nilimwambia kuna msamilo ghalani kwetu, na kadi yake inasema umeokotwa pangoni, Dombodzvuku.

Kicheko kilimtoka usoni.

"Pangoni hapaokotwi kitu," alisema. "Pangoni ndiko tulikowalaza wakubwa. Mtu alilala na mutsago wake, ndio huo msamilo. Mchana hakuna aliyeukalia, maana usiku ndio uliompeleka kwa wazee wake ndotoni. Alipokufa alikwenda nao."

Majuma matatu yaliyofuata sikukaa. Nilisafisha gereji mara mbili. Mke wangu aliniuliza kama nina mgonjwa kazini. Barua ilipofika, imeandikwa na Sekuru kwa mwandiko ulionyooka, ikiomba kuuona msamilo wenye nambari ile, Msajili aliileta mezani kwangu mwenyewe.

"Nambari wameipata wapi?" aliuliza.

Niliyempa Sekuru ni mimi, nami nikajifanya natafuta kalamu. Yeye akagonga muhuri wa kukubali, akaondoka.

Walikuja siku ya Alhamisi, Sekuru na Mama Rudo. Mhifadhi Mkuu alisimama karibu na meza na penseli yake. Nilikuwa nimeuweka msamilo juu ya sponji. Sekuru alivua viatu, akaketi sakafuni, akapiga makofi polepole, viganja vimenyooka. Mama Rudo alibaki wima karibu na mlango. Kanisa lake lilikuwa la kilokole, na lilikataza mambo ya mizimu kama lilivyokataza pombe.

"Baba, tulikubaliana kuangalia tu," alisema kwa Kiingereza.

"Nimeangalia, mwanangu. Sasa nasalimia."

"Sisi ni watu wa Mungu."

"Mungu, Mwari wetu, ni mmoja, hana mwenzake," Sekuru alijibu bila kugeuka. "Lakini wewe unapotaka jambo kwa mkubwa wa kazi unaanzia wapi? Kwa msaidizi wake. Wazee hawa si Mungu. Wametutangulia mlangoni, basi."

Alimwonyesha Mhifadhi Mkuu michoro ya shingoni. "Hizi ni nyora," alisema kwa Kiingereza, "chale ambazo wanawake wetu walichanjwa tumboni. Fundi alichonga mwili wa mke, ili mwenye kulala asilale peke yake." Mhifadhi Mkuu aliandika kila neno. Nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza kwake kupokea ushahidi kutoka mdomoni mwa mtu.

Kisha Sekuru akatoa kikopo cha ugoro mfukoni. Mhifadhi Mkuu akanyanyua mkono.

"Samahani sana. Tumbaku haiingii ghalani. Huvuta wadudu."

"Naomba kumwambia tu yuko wapi," Sekuru alisema. "Mtu aliyechukuliwa amelala hajui alipoamkia. Sitaki kuuchukua leo. Nataka ajue. Na siwezi kumsemesha bila ugoro, kama vile wewe usivyoweza kunisemesha bila barua."

"Naelewa, bwana. Lakini siwezi."

Sekuru hakubishana. Alifunga kikopo, akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akaninyoshea mkono, na nilipomshika akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Muzukuru, nje si ghalani."

Nimeulizwa na wakubwa watatu kwa nyakati tofauti nilifikiri nini. Sikufikiri. Niliinua msamilo, chini, mikono miwili, nikatembea nao kupita kabati zote hadi mlango wa kupakulia mizigo, nikabonyeza kitufe cha lango la chuma. Bila fomu wala saini. Nyuma yangu nilimsikia Mhifadhi Mkuu akiita jina langu mara mbili, halafu akakoma. Hakupiga kengele. Kwa jambo hilo sijawahi kumshukuru.

Nje kulikuwa na jua jembamba la Machi na lori moja tupu. Nilikaa kwenye saruji nikiwa nimeupakata msamilo, maana sikuwa na pa kuuweka. Sekuru akaketi mbele yangu, akamwaga ugoro kidogo chini, akapiga makofi, akaongea. Hakulia. Aliongea kama mtu anayempigia simu ndugu aliye hospitali. Mama Rudo alisimama ndani ya lango, ametupa mgongo, midomo inakwenda. Alikuwa anasali. Jambo zima halikuzidi dakika saba. Mikono yangu, ambayo haijawahi kutulia, haikutikisika hata mara moja.

Mkurugenzi wa Makusanyo aliniita kesho yake.

"Kitu kile kingedondoka je?" aliuliza.

"Ningekuwa nimekivunja, mkuu."

"Na unajuta?"

"Najuta kutoomba ruhusa."

"Ungeomba, ningekataa."

"Ndiyo sababu sikuomba, mkuu."

Nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa dawati la wageni na kupelekwa chumba cha kufungia mizigo. Huko nilimalizia muda wangu wa kazi nikikata sponji na kujaza masanduku ya vitu vinavyokwenda kuonyeshwa kwingine. Adhabu hiyo niliibeba vizuri. Iliyonielemea ilitoka Columbia.

Baada ya siku ile Sekuru alikataa kuendelea kukaa Marekani. Alisema ameona mtu anavyokuwa akilala mbali na kwake. Madaktari walimkataza ndege, Mama Rudo akamficha pasipoti, yeye akaacha kula mpaka akarudishiwa. Aliandika barua rasmi ya kuomba msamilo urejeshwe, akaiacha kwa Msajili, akaondoka. Miezi mitatu baada ya kufika akafariki kwao, chini ya mwamba wa Dombodzvuku.

Tulikwenda kumpa pole Mama Rudo. Alimpokea mke wangu kwa mikono miwili. Mimi aliniacha mlangoni.

"Mzee Mapunda," alisema, "baba yangu alikuwa na dawa zake hapa, na daktari wake dakika kumi kutoka nyumbani. Ungeacha tu."

Nilikwenda kuketi kwenye gari mpaka mke wangu akatoka.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Walinipa saa ya ukutani na keki, na Mhifadhi Mkuu, aliyekuwa amestaafu kabla yangu, akaja kwa mkongojo kunipa mkono. Wenzangu wengi wa Songea wangerudi kulima. Mimi natembea. Asubuhi naifuata barabara ya Rockville Pike kwenda, jioni kurudi, napita maduka yaleyale, najiuliza maswali yaleyale. Kamati ya kurejesha vitu inakaa, inaahirisha, inakaa tena, na mpaka naandika haya haijatoa uamuzi. Vijana huniuliza kama kazi hii ina faida. Huwaambia kazi ya kutunza ni nzuri, ila mtunzaji ajue kwamba kitu kilichotulia rafuni huenda kuna mtu kwingine asiyetulia kwa ajili yake. Naye akimjua mtu huyo, hatatulia tena yeye mwenyewe. Niliujua msamilo ule miaka kumi na saba kabla sijamwona Sekuru, na miaka yote hiyo nililala vizuri. Sijui kipindi kipi kilikuwa cha heri.

Mwezi uliopita Mama Rudo aligonga mlango wetu. Mke wangu alikuwa kazini. Nilimkaribisha, akakaa ukingoni mwa kiti na mkoba magotini.

"Kwetu wanataka kulipiga kaburi la baba," alisema. Nilijua anachosema. Ni kurova guva, ibada wanayoifanya mwaka ukishapita, kumtoa marehemu nje anakotangatanga na kumrudisha nyumbani awe miongoni mwa wazee wanaolinda watoto. "Kanisa limenikataza kwenda. Lakini shangazi yangu alinipigia simu. Anasema lazima waseme kaburini aliyoyasema baba siku ile, ili mazungumzo yasikatike. Nami nilikuwa pale, Mzee Mapunda. Nilikuwa pale na nikajiziba masikio kwa sala."

Niliinuka. Kwenye droo ya kabati la sebuleni kulikuwa na karatasi ya hali, na nyuma yake maneno niliyoyaandika jioni ya Alhamisi ile, ndani ya basi, kwa jinsi nilivyoyasikia. Ilikuwa mazoea ya kazi tu. Kitu kikipita mikononi mwako unaandika ulichoona. Maana yake sikuijua, na sikuwahi kumwuliza mtu, kwa kuwa niliona si langu.

Nilivaa miwani nikasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. "Sekuru, muri mumba munotonhora. Amuna kulasika."

"Hamuna," alisema. "Hamuna kurasika. Rudia."

"Hamuna kurasika. Hapo nilidhani anasema hamna kitu."

"Hapana." Alikuwa ameweka mkoba chini. "Anasema, Babu, mmo katika nyumba yenye baridi. Hamjapotea. Endelea."

"Vana venyu varipo."

"Watoto wenu wapo."

"Takuwanai."

Hakutafsiri. Viganja vyake vilikuwa vimeshakutana, vimeinama na kukunjwa kidogo, na vilipiga mara moja, nzito, kisha tena, taratibu, kama mtu asiye na habari na mikono yake. Alipomaliza alijipangusa uso kwa ukingo wa kitenge.

"Tumewapata," alisema. "Takuwanai. Ni tumewapata." Kisha akasukuma karatasi kunirudishia. "Soma tena tangu mwanzo. Safari hii polepole, muzukuru. Mimi nitaandika."